Fomu Isiyomuuliza Mtafiti: Afya ya Akili ya Wanafunzi wa Uzamivu Korogwe na Handeni

Kabla mwanafunzi wa shahada ya uzamivu hajachukua tone moja la damu katika kijiji cha Handeni, hupita milango mingi. Kamati ya maadili ya chuo chake husoma andiko la utafiti; kamati ya taifa, iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), hulisoma tena. Barua hufika kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Tanga, hushuka kwa mganga mkuu wa wilaya, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, na mwisho huishia mkononi mwa mwenyekiti wa kitongoji. Aghalabu ni huyu wa mwisho anayeuliza swali ambalo wengine wote hawakulifikiria: huyu mgeni atalala wapi, na nani atakuwa naye?

Karatasi zote zilizotangulia zimeshughulika na mshiriki wa utafiti, na ndivyo inavyopaswa. Zimeeleza maumivu ya sindano, siri za mgonjwa, nauli ya kumrudisha nyumbani, na haki yake ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Kuhusu mtafiti mwenyewe zimeuliza vyeti vyake na uzoefu wake. Kwamba naye ni binadamu atakayekaa miezi kadhaa mbali na nyumba yake, akisikiliza habari za vifo na magonjwa mchana na kuzipanga katika jedwali usiku, hilo halina sehemu yake katika fomu. Pengo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana, na kuliziba ni wajibu wa wasimamizi wa wanafunzi hao pamoja na wahudumu wa afya wa wilaya wanakofanyia kazi, kabla haujawa wajibu wa ofisi ya ushauri nasaha iliyoko chuoni Dar es Salaam au Moshi.

Korogwe si mahali pageni kwa watafiti. Kituo cha Tanga cha NIMR kina maabara mjini humo, jirani na Hospitali ya Magunga, na kwa miaka mingi kimefanya kazi pamoja na KCMC ya Moshi, Chuo Kikuu cha Copenhagen na Chuo cha Usafi na Tiba za Tropiki cha London. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwezi Oktoba 2021, ilijaribiwa hapo mapema: matokeo ya watoto 894 wa Korogwe na Kilifi yalichapishwa mwaka 2008, na baadaye Korogwe ikawa miongoni mwa vituo 11 vya nchi 7 vilivyofanya jaribio kubwa la awamu ya tatu. Handeni nayo imewapa watu shahada tangu zamani. Kitabu cha mwanahistoria James Giblin kuhusu mazingira na njaa kaskazini mashariki mwa Tanzania, kilichotoka mwaka 1992, chimbuko lake ni utafiti wake wa uzamivu katika wilaya hiyo. Wazee wa Uzigua wamewaona wanafunzi wa aina hii wakija na kuondoka kwa vizazi viwili.

Matokeo ya tafiti hizo yanajulikana duniani. Kinachojulikana kidogo ni maisha ya mwanafunzi katika miezi ya kukusanya takwimu. Chukulia tabibu au muuguzi mwenye umri wa miaka 35 aliyeacha wadi na watoto wawili kwa bibi yao, akapanga chumba Korogwe mjini. Siku huanza kabla ya jua kwa kujaza barafu katika masanduku ya sampuli, kisha safari ya gari au bodaboda. Barabara ya lami inayotoka Korogwe kupitia Handeni hadi Mkata imerahisisha mambo, lakini vitongoji vingi viko mbali na lami, na wakati wa masika njia za udongo huziba kabisa. Huo ndio wakati malaria inapopanda, kwa hiyo ndio wakati takwimu zinapohitajika zaidi. Mwanafunzi anayekosa wiki tatu za masika huenda amekosa mwaka mzima.

Kazi yenyewe ina uzito wake. Katika tafiti za vifo vya watoto wachanga au vya uzazi, sababu ya kifo kilichotokea nyumbani hutafutwa kwa kumhoji ndugu wa marehemu. Mhoji huketi kwenye mkeka mbele ya mama aliyezika mtoto miezi mitatu iliyopita na kumwuliza, swali baada ya swali: mtoto alilia alipozaliwa? Alinyonya? Alipumua kwa shida? Mama hulia. Dodoso lina maelekezo ya kusitisha mahojiano kwa ajili ya mama. Mhoji hufuata maelekezo, hunyamaza, husubiri, hurudi kesho, na kesho hiyo ana nyumba nyingine nne. Muuguzi wa wadi ya watoto hukutana na vifo pia, lakini ana wenzake wa zamu, ana dada mkuu wa wadi, ana mtu wa kunywa naye chai. Mwanafunzi wa uzamivu ana daftari.

Takwimu za nchi nyingine zinasaidia kuonyesha ukubwa wa tatizo. Mwaka 2017, watafiti nchini Ubelgiji walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wa uzamivu 3,659 wa vyuo vya Flanders: takriban mmoja kati ya watatu, yaani asilimia 32, alikuwa katika hatari ya kuwa na ugonjwa wa akili wa kawaida, hasa sonona. Mwaka uliofuata, utafiti mwingine uliowafikia wanafunzi 2,279 wa shahada za juu katika nchi 26 uliripoti dalili za sonona za kiwango cha kati au kikali kwa asilimia 39, na za wasiwasi kwa asilimia 41. Huo wa pili una udhaifu wake, kwa kuwa waliojibu walijichagua wenyewe, na mwenye maumivu huwa mwepesi zaidi kujibu dodoso la maumivu. Lakini hata ukipunguza nusu, wanaobaki ni wengi mno.

Uchunguzi wa Flanders unastahili kusomwa na kila msimamizi kwa sababu nyingine. Haukuishia kuhesabu wagonjwa; uliangalia mambo yanayoambatana na hali hiyo. Yaliyojitokeza ni mgongano wa kazi na familia, wingi wa kazi, uhuru mdogo wa mtu kupanga kazi yake, na namna msimamizi anavyoongoza. Mambo hayo hayarithiwi kwa damu wala si udhaifu wa roho. Ni mambo ya mpangilio wa kazi, na mpangilio wa kazi hubadilishwa na wenye mamlaka juu yake.

Hapa ndipo lawama inapopaswa kuwekwa mahali pake. Msimamizi wa Kitanzania ni mtu mwenye kazi nyingi: anafundisha, anaona wagonjwa, ana vikao, na pengine ana wanafunzi kumi. Rasimu ya sura ya pili hukaa kwake wiki kumi. Kwake yeye wiki hizo zimepita kama upepo. Kwa aliyeko Korogwe akingoja, kila siku ni hukumu. Mwanafunzi hatapiga simu, kwa kuwa adabu ya kazi hairuhusu kumsumbua profesa, na profesa huchukulia ukimya huo kuwa dalili ya maendeleo. Ukimya wa pande mbili, kila upande ukiufasiri vyake, umewaumiza wanafunzi wengi kuliko ugumu wa takwimu. Mwanafunzi mwenye wasimamizi wawili, mmoja nchini na mwingine Ulaya, wasiokubaliana kuhusu mbinu za utafiti, hali yake ni mbaya zaidi: huandika sura ileile mara mbili na kumridhisha asiyekuwapo.

Juu ya hayo kuna fedha na kuna ndugu. Ufadhili ulioandikwa wa miaka mitatu huisha kabla ya tasnifu. Mtumishi aliye katika ruhusa ya masomo huendelea kuhesabiwa na ukoo kuwa mtu mwenye mshahara, tena sasa ni “daktari wa madaktari”, na michango ya harusi, misiba na ada haipungui kwa sababu yeye anasoma. Mwanamke hubeba zaidi. Akienda Handeni miezi sita, huulizwa amewaachia nani watoto, swali ambalo mwanafunzi mwenzake wa kiume hatalisikia hata mara moja.

Wahudumu wa afya wanaosoma hapa watauliza: mtu huyo akifika zahanati, atafika akisema nini? Hatasema ana sonona. Atasema kichwa kinamgonga, tumbo linamchoma, moyo unakwenda mbio, usingizi umepotea. Atapimwa malaria, na kama kipimo hakionyeshi kitu atapewa dawa za vidonda vya tumbo. Akibanwa kidogo na mtu anayemwamini atatoa neno ambalo Kiswahili kimelitumia muda mrefu kuliko hospitali: ana mawazo. Neno hilo halipaswi kupuuzwa. Huko Zimbabwe, neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, *kufungisisa*, ndilo lililokuwa mlango wa huduma aliyoianzisha daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda mjini Harare mwaka 2006, ambapo kina bibi waliopewa mafunzo huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kukabili tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliopata huduma hiyo walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Korogwe haihitaji kusubiri neno jipya.

Maswali mawili yanatosha kuanzia, na tabibu yeyote anaweza kuyauliza huku akipima presha. Katika wiki mbili zilizopita, umekuwa ukikosa hamu au raha katika mambo uliyoyapenda? Umekuwa ukijisikia huzuni, kuvunjika moyo au kukata tamaa? Akijibu ndiyo kwa siku nyingi, dodoso refu la maswali tisa, PHQ-9, lipo kwa Kiswahili na limetumika nchini. Swali la tisa linahusu mawazo ya kujidhuru au ya kuona heri kufa. Liulizwe waziwazi. Kumwuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu kwa kuwa amepata wa kumweleza. Akikiri, asiachwe peke yake, aondolewe karibu na dawa na sumu, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo akisindikizwa.

Ugumu ni kwamba mgonjwa huyu ni mganga, na mganga hajigangi. Anazijua dawa kwa majina na dozi, anajua duka litakalomuuzia diazepamu bila maswali, na anajua jinsi ya kuficha. Anaogopa zaidi kuliko mwanakijiji kuonekana kwenye benchi la kliniki ya akili, kwa sababu muuguzi wa kliniki hiyo ndiye aliyemsaidia jana kuandikisha washiriki. Anaogopa kwamba msimamizi akijua atasema hafai. Anajua pia sheria: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo kinapingana na Katiba. Hapa nchini, mtu aliyefika ukingoni bado ana sababu moja zaidi ya kunyamaza, na wanaotibu wanapaswa kulikumbuka hilo wanapoandika kwenye faili na wanapochagua nani asikie.

Kuna hoja inayosikika vyumbani mwa chai, na haifai kupitwa kwa haraka. Mwanafunzi wa uzamivu ni mtu aliyebahatika. Ana kompyuta, ana posho, ana mwisho mwema unaomngoja. Muuguzi wa zahanati ya Handeni anayefanya kazi ya watu watatu hana hata kimoja, na mkulima ambaye mahindi yake yamekauka kwa mwaka wa pili ana haki zaidi ya kulalamika. Hoja hiyo ni ya kweli kwa kiasi chake. Hata hivyo sonona haipangi watu kwa foleni ya haki ya kulalamika, na muuguzi huyo hapati kitu mwanafunzi anapoharibikiwa. Kinyume chake, takwimu zilizokusanywa na mtu asiyelala huwa na makosa, sampuli huchanganywa, fomu za ridhaa hujazwa kwa haraka, na utafiti unaoachwa katikati huwa umechukua damu ya watoto wa Handeni bila kuwarudishia jibu. Hasara hiyo ni ya mkulima yuleyule.

Hoja nyingine, kwamba uzamivu lazima uwe mgumu, imechanganya vitu viwili. Ugumu wa swali la kisayansi ni sehemu ya mafunzo. Kungoja barua pepe wiki kumi si sehemu ya mafunzo yoyote.

Wilaya ya Korogwe ina somo lake katika jambo hili, na liko juu milimani. Hospitali ya Lutindi, katika safu za Usambara, ilianza mwishoni mwa karne ya 19 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wakaanza kupokea humo wagonjwa wa akili, na mpaka leo Kanisa la Kilutheri linaiendesha. Ni miongoni mwa hospitali kongwe kabisa za magonjwa ya akili Afrika Mashariki. Sifa yake ni kwamba pamoja na dawa, wagonjwa hushika kazi: bustani, chai, ufumaji. Kazi hizo zina saa ya kuanza na saa ya kumaliza, hufanywa pamoja na wengine, na matunda yake huonekana jioni. Kazi ya mwanafunzi wa uzamivu haina saa ya kumaliza, hufanywa peke yake, na matunda yake huonekana baada ya miaka minne au saba. Kazi inaweza kumponya mtu na inaweza kumwangusha. Tofauti iko katika namna ilivyopangwa. Inashangaza kidogo kwamba watafiti hupita chini ya mlima huo kila siku na masanduku yao ya barafu bila kulifikiria.

Yanayowezekana si ya gharama kubwa. Kamati za maadili zinaweza kuongeza kipengele kimoja katika fomu: madhara gani yanaweza kumpata mkusanyaji wa takwimu, na nani atamhudumia? Mwandishi wa andiko alazimike kujibu kwa jina na kwa bajeti, kama anavyojibu kuhusu nauli ya mshiriki. Chuo kiweke kiwango cha siku ambazo rasimu inaweza kukaa kwa msimamizi, na mwanafunzi awe na mtu wa tatu wa kumwendea kiwango hicho kinapovunjwa, asiyehusika na kumpitisha wala kumwangusha. Msimamizi afike kijijini walau mara moja kila msimu wa ukusanyaji. Atakapokaa kwenye gari saa tatu na kuketi kwenye mkeka uleule, ataelewa kwa nini sura ya nne imechelewa. Kusitisha masomo kwa ajili ya ugonjwa wa akili kuandikwe kama kusitisha kwa ajili ya kuvunjika mguu, na kusihitaji barua ndefu zaidi.

Kwa upande wa wilaya, mratibu wa afya ya akili ajulishwe mapema kwamba kuna watafiti wanaoishi katika eneo lake, na namba yake ya simu iwe katika daftari la kila mmoja wao tangu siku ya kuripoti. Watafiti wa miradi tofauti waliopanga vyumba mjini Korogwe, ambao mara nyingi hawajuani, wanaweza kukutana jioni moja kwa wiki bila ajenda yoyote. Wale wanaohoji wafiwa wasifanye mahojiano zaidi ya mawili au matatu kwa siku, na wawe na mtu wa kuzungumza naye kabla ya kulala, awe mwenzao wa mradi au msimamizi kwa simu.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wasijidharau katika jambo hili. Wao ndio wanaotembea na mtafiti nyumba kwa nyumba, na wanakijiji huwaambia mambo. Dalili ya kwanza kwa kawaida haionekani chuoni wala maabara. Huonekana pale mama mmoja wa Kizigua anapomwambia mhudumu, kwa mshangao zaidi kuliko lawama, kwamba daktari yule siku hizi akifika hakai, haulizi habari za watoto, na jana aliondoka bila kumalizia uji aliopewa. Mhudumu aliyesikia hivyo ana taarifa ya kitabibu mkononi. Amfikishie nani? Katika tafiti nyingi zinazoendelea leo, fomu haimtaji mtu huyo.